Uzito wa Jibini Mbili na Nusu

Gamsboden, 8 Juni

Mwanangu Wendelin,

Mungu akusalimu huko Bremen. Sisi huku milimani ni wazima, na ng'ombe nao wazima, ila Alma amejikwaruza kiwele kwenye waya na anajitia mgonjwa kila nikimtazama. Theluji imeyeyuka yote isipokuwa kwenye lile korongo la kaskazini. Majani ni mazuri mwaka huu, na jibini ya kwanza iko rafuni tangu Jumatano. Baba yako mzima. Kila asubuhi kule bondeni anapakia ile kamba ya chuma inayopandisha mizigo huku juu, ananiletea mkate, chumvi na barua, na hasemi kitu. Unamjua kaka yangu.

Sasa tuje kwenye kasha. Limefika jana likining'inia kwenye kamba, refu kuliko jeneza la marehemu mume wangu. Nimelifungua, nikakuta baiskeli nyeusi yenye mota tumboni. Wendelin, una wazimu? Nina miaka sitini na mitatu. Mlima huu naupanda kwa miguu tangu nina meno ya utoto, na sijawahi kuhitaji umeme ila wa kuzungushia maziwa kwenye sufuria.

Na nani amekuambia habari za goti langu? Maana najua hukuituma bure. Basi sikia kwangu mwenyewe, usisikie kwa watu. Gebhard, mwenyekiti wa ushirika wa malisho, alikuja siku tuliyopandisha ng'ombe. Akala jibini yangu, akanywa maziwa yangu, halafu akafuta mdomo akasema, "Burga, wale mitamba wa malisho ya juu lazima waonwe kila siku. Mwaka jana kuna siku hukufika. Majira haya tunakutazama. Ukishindwa, au akifa mmoja, mwakani tunamweka mtu na mkewe kutoka bonde la pili. Vijana hao."

Nikamwambia, "Gebhard, hiyo jibini iliyo mdomoni mwako imetengenezwa na goti hili hili." Akacheka, lakini maneno yake hakuyameza.

Kasha liko zizini. Niambie namna ya kulirudisha.

Shangazi yako,
Burga

*

Bremen, 15 Juni

Shangazi yangu mpendwa,

Mungu akusalimu, wewe na Alma na kiwele chake. Mimi mzima. Huku nchi ni tambarare kama ulivyoiacha ulipokuja kunitembelea; mlima mrefu kuliko yote bado ni daraja la reli. Dukani tuna kazi nyingi. Natengeneza baiskeli za watu wanaokwenda kununua mkate, na wakirudi wananiambia njia ilikuwa na mwinuko.

Kasha halirudi. Aliyeniambia habari za goti ni ndege, na amenikataza kumtaja.

Hiyo baiskeli sikuinunua tu, Shangazi. Nimeiunga mwenyewe majira yote ya baridi, spoki kwa spoki, nikifikiria njia ya kwenda malisho ya juu: pale penye mizizi, pale penye mawe chini ya kanisa dogo, na ile kona ambapo kila mtu wa ukoo wetu ameanguka angalau mara moja. Na isikutie aibu. Usipokanyaga pedali, haisogei. Inakusaidia, haikubebi.

Lakini baiskeli mpya ni kama kiatu kipya, haijakujua bado. Kwanza siti. Weka kisigino kwenye pedali iliyo chini. Mguu ukinyooka, siti iko sawa. Kisha ishushe kidogo tena, kwa sababu wewe utashuka na kupanda mara nyingi. Pili shokapu, mbele na nyuma, zile nguzo zinazomeza mshtuko. Ndani yake mna hewa tupu. Kila moja ina pete ndogo ya mpira. Isukume pete mpaka mwisho, kaa polepole, shuka, utazame imesogea wapi. Inatakiwa kusogea robo ya njia, siyo zaidi. Nimejaza hewa kwa mtu wa kilo sitini. Kama nimekosea, ongeza kwa ile pampu ndogo yenye saa ya kupimia hewa. Ukae ukiwa na viatu, mkoba na chumvi ya mitamba, kama siku ya kazi. Na awepo mtu wa kukushika.

Niandikie uzito wako wa kweli. Bila maringo.

Mwanao,
Wendelin

*

Gamsboden, 26 Juni

Mwanangu Wendelin,

Mungu akusalimu. Huku mvua, halafu jua, halafu mvua. Alma amepona siku niliyoacha kumhurumia. Nina jibini kumi na nane rafuni na zote zinapendeza.

Uzito wa mwanamke ni siri yake na ya mzani. Lakini kwa kuwa wewe ni fundi, na fundi ni kama daktari, nimepanda kwenye mzani wa jibini. Jibini yangu moja ni kilo thelathini. Wewe umenikadiria jibini mbili. Mimi na viatu, mkoba na chumvi ni jibini mbili na nusu. Ukimwambia mtu, nakunyima urithi.

Basi nikakaa, na ile pete ya nyuma ikakimbia karibu mpaka mwisho. Tumesukuma hewa, nikakaa tena, tukasukuma tena, mpaka ikasimama kwenye robo kama ulivyosema. Nasema "tumesukuma" kwa sababu kuna mtu alikuja kunishika. Alikuja na rula ya seremala mfukoni, na hiyo robo hakutaka kuipima kwa macho. Hataki kutajwa. Wewe una ndege wako, na mimi nina wangu.

Nimeanza na ule msaada mdogo kabisa. Nakuambia wewe tu: nilipofika kona ya ukoo wetu bila kuhema, nilicheka peke yangu kama mwehu.

Kitu kimoja kilinikera. Kila nikishika breki zinalia, na mlio wake unafika Uswisi. Ng'ombe waliinua mikia wakakimbia mpaka uzioni. Lakini usihangaike, nimeshazitibu. Hapa kitu kikilia tunakipaka mafuta ya kukamulia: bawaba, gurudumu la toroli, chuchu za Alma, mikono yangu mwenyewe. Nimezipaka zile sahani mbili za chuma, ya mbele na ya nyuma, na sikuyaonea choyo. Sasa zimenyamaza kama paka kanisani. Kesho naipeleka juu kabisa.

Unaona? Shangazi yako naye fundi.

Burga

*

Bremen, 3 Julai

Shangazi,

Nisamehe sikusalimu. USIIPANDE. Hizo sahani ndizo breki zenyewe, na breki iliyopakwa mafuta haishiki kitu. Mlio ulikuwa wa upya tu, ungeisha wenyewe. Barua yako imechukua wiki nzima kunifikia na yangu itachukua wiki nyingine, na katikati hapo upo wewe na ule mteremko. Nimepiga simu nyumba ya padri, nimepiga simu baa, nimeambiwa watakutumia mtu. Naona hata hawakunielewa, walikuwa wanacheka.

Niandikie maneno mawili tu. Mzima, au siyo mzima.

Wendelin

*

Gamsboden, 12 Julai

Mwanangu Wendelin,

Mungu akusalimu, kwa kuwa wewe umesahau. Mama yako, Mungu amrehemu, hakukulea kuanza barua katikati.

Mzima. Hayo maneno mawili uliyotaka ni moja tu.

Sasa nikusimulie, maana utayasikia baa na kule watayaongezea chumvi. Kupanda hakukuwa na shida. Mitamba nimewaona wote, nimewalambisha chumvi. Kushuka nikashika breki, na breki zikanikubalia kwa adabu zote, bila kufanya lolote. Nikapita mizizi, nikapita kanisa dogo nikaomba kwa haraka, nikapita geti ambalo kwa bahati nililisahau wazi. Ng'ombe wakaniona wakanipisha. Wana heshima kuliko watu. Nikaona mbele yangu ukuta wa zizi upande mmoja na samadi upande mwingine. Nikachagua samadi.

Na unajua nani alikuwa amekaa benchini, kisu mkononi, anakata jibini yangu? Gebhard.

"Burga," akasema, "hivyo ndivyo unavyowaangalia mitamba?"

Nikamjibu nikiwa humo humo, samadi kiunoni: "Mitamba ishirini na wawili, wote salama, nimewaona kwa macho yangu asubuhi hii. Wewe umemwona nani, Gebhard?"

Akakata kipande kingine. Jibini alimaliza.

Goti usiniulize.

Baiskeli haikuvunjika hata taa. Nimeiosha kwa maji ya kijito, na nikiiosha nilisema, huyu mtoto anajua kuunga kitu. Lakini siku zote hizi nimekuwa nikienda juu kwa miguu, na si siku zote nimefika kwa wakati niliotaka. Kwa hiyo niambie haraka namna ya kuzirudisha breki.

Burga

*

Bremen, 20 Julai

Shangazi yangu,

Mungu akusalimu, na akusalimu mara mbili kwa ile niliyoiruka. Nimecheka mpaka bosi akaja kuuliza, halafu nikatoka nje nikakagua breki za baiskeli zote za wateja.

Humu bahashani mna pedi mpya za breki, vile vipande vinavyobana sahani. Za zamani zimekunywa mafuta, zitupe, hazina dawa. Sahani zenyewe zitapona. Zifute kwa spiriti na kitambaa safi, mara nyingi, mpaka kitambaa kitoke cheupe. Spiriti huna, najua. Ila una ile pombe kali ya mizizi unayoificha nyuma ya picha ya Mtakatifu Wendelin. Haina sukari, itafaa. Funga pedi mpya, na usiziguse kwa mikono iliyotoka kukamua.

Kisha zifunze. Kwenye tambarare ya mbele ya nyumba, kanyaga mpaka iende mbio kiasi, shika breki kwa nguvu mpaka karibu isimame, achia, rudia. Rudia mpaka uisikie inang'ata. Italia kidogo. Iache ilie, ni mtoto anaota meno.

La mwisho ni kidude chekundu kwenye shokapu ya nyuma. Ukikizungusha kinasema tik. Hicho ndicho kinachoamua gurudumu lirudi haraka au polepole baada ya jiwe. Anza na tik sita kutoka mwisho. Likikurusha kama farasi, zungusha upande wenye picha ya kobe.

Nani anakushika, Shangazi? Kijijini nimewafikiria wote. Mwenye rula ya seremala mfukoni namjua mmoja tu, na hawezi kuwa yeye; baiskeli hawezi kuigusa. Yeye ndiye aliyesema pale baa, mbele ya meza nzima, siku nilipomwambia sitaki ng'ombe nataka kujifunza baiskeli: "Basi mimi sina mrithi, nina mchezea midoli." Ni miaka saba. Sijasahau hata alikuwa ameshika glasi kwa mkono gani.

Mwanao,
Wendelin

*

Bremen, 18 Agosti

Shangazi,

Mungu akusalimu. Ni karibu mwezi sasa bila barua yako. Redio imesema theluji itashuka mpaka kwenye malisho, mwezi wa Agosti! Natazama ramani ya hali ya hewa kama mtu anayetazama mgonjwa. Betri ikiwa kwenye baridi haikai, ilaze ndani ya nyumba. Kama breki bado zina kasoro, usipande malisho ya juu. Mitamba ni mitamba tu.

Nijibu.

Wendelin

*

Gamsboden, 25 Agosti

Mwanangu Wendelin,

Mungu akusalimu. Samahani kwa kimya. Pombe yote imeisha kwenye zile sahani na sikuwa na kitu cha kunywea wakati wa kuandika. Huo ni utani. Ukweli ni kwamba nilikuwa juu kila siku, na jioni nalala na viatu.

Na ole wako uniandikie tena kwamba mitamba ni mitamba tu. Hilo ni neno la watu wa tambarare.

Ilikuwa Alhamisi. Asubuhi jua, saa sita ukungu, saa nane nikasikia harufu ya theluji. Wewe umezaliwa huku, hiyo harufu unaijua. Wazee wetu wasingeuliza mara mbili: mitamba washushwe kabla mawe hayajateleza. Kwa mguu ni mwendo wa saa mbili, na kwa goti langu usiulize. Nikatoa betri chini ya blanketi nililokuwa nimeilazia. Barua yako ilikuwa bado haijafika, ila hilo nililijua mwenyewe: kitu chochote kinachofanya kazi mlimani hulazwa pakavu.

Nikapanda na msaada mdogo ili nisiimalize njiani, na pale penye mizizi nikaweka mkubwa. Wendelin, ilipanda! Magurudumu yalikuwa yanashika kama mbuzi. Theluji ikaanza kuniingia machoni, nami najisemea kwa sauti, "Hii kaiunga mtoto wetu, hii kaiunga mtoto wetu," mpaka kileleni.

Nimekuta ishirini na mmoja wamejikusanya ukutani. Mmoja, yule mwekundu, tena wa Gebhard mwenyewe, amesimama ukingoni mwa korongo la kaskazini, anatazama chini kama anayetafuta kitu alichoangusha. Nikipita nyuma yake, ataruka. Nikimwita, haji. Basi nikazunguka kwa mbali, nikaipindua baiskeli yako pembeni yake upande wa korongo, magurudumu juu, taa inawaka. Akaitazama. Nikayazungusha magurudumu nikashika breki, zikalia, ule mlio wa kufika Uswisi. Akainua mkia akakimbilia kwa wenzake. Kumbe hata meno ya utoto yana kazi.

Tumeshuka wote, wao mbele mimi nyuma, theluji mpaka kwenye vifundo. Breki nilizishika kwa vidole viwili tu. Ziling'ata kila mara niliyoziomba.

Chini getini kulikuwa na watu wawili. Mmoja ni Gebhard, amekuja na taa kuhesabu hasara. Akahesabu mpaka ishirini na mbili, akaanza upya, akapata ishirini na mbili tena. Akavua kofia. Katika maisha yangu sijawahi kumwona Gebhard bila kofia nje ya kanisa. Wa pili ni yule asiyetaka kutajwa. Huyo hakuwatazama mitamba. Aliinama moja kwa moja kwenye shokapu, akaifuta theluji kwa mkono wa koti lake, akatazama ile pete.

"Imemeza yote," akasema, "na haijagonga chini."

Burga

*

Bremen, 2 Septemba

Shangazi yangu Burga,

Mungu akusalimu. Nimeisoma barua yako dukani kwa sauti, mbele ya bosi na mafundi wote. Hakuna aliyegusa spana. Mwisho bosi akasema, "Mimi nauza hizi baiskeli miaka yote, leo ndiyo nimejua ni za nini."

Naona fahari, Shangazi. Nalisema wazi kwa sababu kwetu hatulisemi. Si kwa ajili ya baiskeli. Vyuma hivyo kila mtu anavyo. Ni kwa sababu uliipanda wewe.

Umeuliza mara ngapi kama nitakuja siku ya kushusha ng'ombe? Hujauliza, najua, na nimekusikia. Siwezi. Kazi ni nyingi. Na baada ya maandamano ya ng'ombe na mashada yao ya maua, watu wote huingia baa, na ile meza bado ipo palepale.

Nipigie hesabu ya mashada, unisimulie Alma alivyovaa.

Mwanao,
Wendelin

*

Innerau, kijijini, 21 Septemba

Mwanangu Wendelin,

Mungu akusalimu. Nakuandikia nikiwa chini, mezani kwa baba yako, nimekula supu ya jibini na goti liko juu ya mto. Daktari amelitazama. Analitengeneza majira ya baridi, na mwezi wa sita liko tayari. Nitalihitaji, kwa sababu Gebhard amekuja mwenyewe na mkataba wa mwakani. Nimemfanya asubiri mpaka nilipomaliza kukamua.

Tumeshuka juzi. Hakuna aliyekufa, hakuna aliyevunjika mguu, kwa hiyo mashada yalikuwa halali. Alma alivaa taji la matawi ya msonobari, maua ya karatasi na kile kioo cha bibi yako, akatembea kana kwamba yeye ndiye aliyetengeneza jibini. Nyuma yake mitamba ishirini na wawili. Na mwisho nikaja mimi juu ya baiskeli. Nayo ilikuwa na shada. Nilisuka mwenyewe, kwenye usukani, na chini yake kengele ya marehemu mume wangu.

Gebhard akaja mbio. "Burga, shada ni la mnyama aliyemaliza majira bila hasara!"

"Haya," nikamwambia, "nitajie hasara yake."

Akatoa ua kwenye kofia yake, akalichomeka katikati ya shada.

Sasa ndege. Ndege wako na ndege wangu ni mmoja, Wendelin. Jana usiku ameniambia. Mwezi wa kumi na moja mwaka jana alikuandikia kadi ya posta: "Goti la Burga limekwisha. Fanya kitu. Usiseme ni mimi." Ndiye aliyepandisha kasha kwenye kamba, na barua yako ya kwanza ilipofika akapanda yeye mwenyewe na rula. Ndiye aliyenisukumia hewa, ndiye aliyefuta sahani kwa pombe yangu bila kuionja. Kila barua yako ikija kwenye kamba alikuwa anapanda kwa miguu nyuma yake na kuniuliza, "Anasemaje yule?" Namwambia, "Anasema habari za hewa." "Hewa tu?" "Hewa tu." Halafu anakaa anazisoma zote, na kidole kinafuata mstari.

Na juzi, baa, tulipokaa, mtu wa bonde la pili akauliza kwa sauti ile baiskeli imejengwa wapi. Meza ni ileile. Baba yako akasimama. Unajua hasimami. Glasi ilikuwa mkono wa kulia, akaiweka chini kabisa.

"Imejengwa na mwanangu," akasema. "Fundi."

Akakaa.

Sasa anataka hii kalamu. Nampa.

Burga

*

Wendelin,

Mungu akusalimu. Gurudumu la nyuma bado linaruka kidogo kwenye mawe ya chini ya kanisa. Nimejaribu tik sita, nimejaribu nane upande wa kobe. Nane ni bora, lakini bado. Nadhani ni kitu ambacho lazima fundi akisikie mwenyewe.

Treni ya saa nne inasimama stesheni ya Dornbirn. Nitakuwa pale Jumamosi, na Jumamosi inayofuata pia, na ile nyingine.

Baba